Dumu la Chamu

Kijiwe hiki hakina jina la heshima. Kinaitwa Masizi, kwa sababu benchi lake limeegemea ukuta wa duka lililoungua mwaka wa vita, na mpaka leo mtu akikaa hapo kidogo tu huondoka na mgongo mweusi. Wanawake wa Palma hawana haja ya kuuliza waume zao wameshinda wapi. Wanageuza shati, basi. Benchi lenyewe ni ubao wa lori uliowekwa juu ya matofali, na lina watu wake watatu wa kudumu. Wa kwanza ni Diretor, ambaye hajawahi kuwa mkuu wa kitu chochote. Alikuwa mpiga kengele wa shule, lakini aliipiga kwa madaraka makubwa. Wa pili ni Mtwara, muuza vitenge na sabuni, ambaye babu yake ndiye aliyevuka Ruvuma kuja huku Msumbiji, ila yeye anaongea kama kavuka jana. Wa tatu ni Injini, fundi wa mashine za boti, aliyezibwa sikio moja na makelele ya kazi yake, na bado ni mshindi wa ubishi. Anayewamiminia kahawa ni Haula. Dele lake la kahawa ni la mama yake, marehemu Bi Mariamo, aliyeuza kahawa pembe hiyo tangu ukuta ule ungali mweupe.

Asubuhi hiyo kipaza sauti cha msikiti kilikuwa kimetangaza msiba. Bi Zena wa kule chini ufukoni amefariki, atazikwa baada ya adhuhuri. Watu wa Masizi wakasema innalillahi kwa sauti ya chini, halafu wakasogeza vikombe.

— Lakini huyu kaondoka na heshima yake, alisema Mtwara. Kaacha watoto wa kiume, tena majitu. Watashuka wenyewe kaburini kumpokea mama yao. Hakuna mkono wa mtu baki utakaomgusa.

— Ndiyo sheria, alisema Diretor, utadhani aliipitisha yeye. Mwanamke hupokewa na wa kwake. Mtoto, au kaka, au mume. Pronto, basi.

Haula alimimina nje ya kikombe, kahawa ikamwagikia sinia. Hakuna aliyeona. Injini alikuwa ameshafika kwingine.

— Na maji je? Nani leo atapeleka maji?

Hapo ndipo benchi lote lilipogeuka kumtazama Haula, kila mtu kwa jicho lake la pembeni.

Maana kazi ya maji ilikuwa na mwenyewe. Kaburi likishafukiwa, lazima limwagiwe maji, kuanzia kichwani kwenda miguuni, na Palma nzima ilizoea kwamba maji hayo yanaletwa na Chamu. Jina lake hasa ni Chamsudine, mdogo wake Haula, mtu mzima mwenye ndevu zake, ila akili yake iliamua kubaki utotoni. Jumatatu na Alhamisi kwake ni siku moja. Ukimpa noti atakurudishia, kwa kuwa hajui aifanyie nini. Maneno yake ni machache na huyatoa polepole, kama mtu anayechagua mchele. Lakini akisikia msiba umetangazwa, alikuwa anachukua dumu lake la njano, anateka, anajitwika begani, na jeneza likifika makaburini linamkuta keshafika. Hakuna aliyemtuma wala aliyemlipa. Alisimama kando, hasemi na mtu, mpaka mmoja amwambie: Chamu, maji. Hapo ndipo alipotembea taratibu pembeni ya kaburi, akimwaga, midomo ikicheza. Alikuwa anasema nini, hakuna aliyejua. Pengine Mungu alijua.

Tangu mvua za mwaka huu, tangu azikwe Bi Mariamo mwenyewe, Chamu hajatoka nyumbani.

— Mie nawaambieni, yule kapigwa na jini la kisimani, alisema Injini. Mtu hawezi kuteka maji ya maiti miaka yote ile, wenye kisima wakamwachia.

— Jini gani, wewe! Diretor aliweka kikombe chini. Yule kagoma. Kasikia kimekuja chama cha kujitolea, wenzake wanapewa kolete na kofia, yeye maji kabeba miaka yote hana hata kofia. Então, kagoma. Huo ni mgomo, na mie namuunga mkono.

— Mgomo? Mtwara alicheka mpaka akakohoa. Mtu hamnazo, hajui leo wala kesho, atajua mgomo? Mie nasema katongozwa na wale wa ng'ambo. Kuna mji wanawatafuta watu wa namna yake wabebe maji, wanalipa vizuri. Anangoja boti tu.

— Mji gani huo?

— Ningeujua ningekuwa hapa?

Haula alikuwa amezoea. Ndugu yake huyo kila mtu alikuwa na maoni juu yake, na maoni yote yalipita juu ya kichwa chake yeye akiwa ameinama anasuuza vikombe. Kuna siku yalimchekesha. Siku hiyo yalimchoma.

Mwisho wa benchi, pale ambapo mgongo haufiki ukutani, alikuwa amekaa kijana mgeni aliyevaa kolete, kizibao cha rangi ya chungwa. Alijitambulisha wakati anaagiza kahawa: Eusébio, ametokea Mueda, ndiye anayekusanya watu wa hicho chama cha kujitolea. Sasa akainua mkono, kama yuko darasani.

— Samahanini, wazee wangu. Huyo Chamu ndiye Chamsudine? Maana ndiye ninayemtafuta. Tunatengeneza kikundi cha mtaa, kusafisha mifereji, kuwatekea maji wazee wasiojiweza. Na tumekubaliana tusiwaache nje watu kama yeye. Si tuwasaidie tu. Wafanye kazi na sisi, voluntário kama sisi.

— Voluntário! Diretor alimtazama kijana toka viatu mpaka kola. Mwanangu, Chamu kawa voluntário kabla hilo kolete lako halijashonwa.

Watu wakacheka, na Haula naye akakaribia kucheka. Yalikuwa maneno mazuri, na yalikuwa kweli.

— Sasa ilikuwaje akaacha? aliuliza Eusébio.

Mtwara akapuliza kahawa iliyokwisha kupoa. Diretor akajikuna goti. Ndipo Haula alipojikuta anasema, bila kuwa amepanga.

— Anataka kujua kaburi la mama ni lipi.

— Atakosaje kulijua? alisema Injini. Si alikuwepo?

— Hakuwepo, Injini. Mlimtuma.

Hilo nalo lilikuwa kweli, na kila mtu pale alilijua, ila lilikuwa halijawahi kusemwa juu ya lile benchi.

— Tulimhurumia, Haula mwanangu, alisema Diretor. Sauti ya kengele ilikuwa imempotea. Mtu kama yule, aone mama yake anateremshwa shimoni? Si angejitupa humo humo? Si angepiga makelele mbele ya shehe?

— Tulimkinga, alisema Mtwara.

— Mlimtuma wapi? aliuliza Eusébio.

— Kuteka maji. Kisima cha njia ya kwenda Quitunda.

— Kule mbali kote? Si msikitini kuna bomba?

— Ndiyo maana tukamtuma kule! alisema Injini kwa ushindi, kisha maneno yake mwenyewe yakamrudia kwenye sikio lake zima, akainamia kikombe chake.

Haula aliikumbuka jioni ile, na hakuipenda. Alikuwa ndani na wanawake wenzake, wameshalia mpaka wamechoka, wanaume wamesharudi na tope miguuni na wameshakula. Ndipo Chamu alipoingia uani, dumu begani, limejaa mpaka kwenye mfuniko. Midomo ilikuwa imemkauka. Njia yote ile hakuwa amekunywa hata funda moja, kwa kuwa yalikuwa maji ya mama. Alilitua taratibu ili lisimwagike, akamtazama dada yake.

— Wamemaliza, alisema. Wamemaliza bila maji.

Toka siku hiyo analilinda. Halimwagwi, halitiliwi udhu, mtoto akilisogelea anapiga kelele. Analala mkeka kando yake. Chakula akila ni vijiko viwili vitatu, na mashavu yamemwingia ndani. Kila asubuhi, Haula akitoka na dele, swali ni lile lile: mama lipi? Haula mwenyewe hajaliona. Kwao wanawake hawaendi makaburini. Hulia nyumbani, wanaume ndio huenda na kurudi. Baba alikufa zamani, kaka mwingine hawana. Mwanamume wa nyumba ile alikuwa Chamu, na Chamu alikuwa ametumwa kisimani. Kwa hiyo katika nyumba nzima hakuna mtu anayejua mama amelala wapi, na jambo hilo lilimuuma Haula kuliko kifo chenyewe.

— Basi ni hilo tu? Mtwara alishusha pumzi. Jambo dogo hilo! Leo tukienda kumzika Bi Zena tunamchukua, tunamwonyesha, kwisha.

Eusébio alisimama, akajipangusa suruali.

— Nyumba ni ipi, dada? Acha nikamsalimie, nikamwambie habari hiyo njema.

Haula alimwelekeza, nyuma tu ya kinu cha kusaga, mlango wa bati la bluu. Kijana akaondoka kwa hatua za mtu anayeamini watu. Alipopotea, Mtwara akaendelea.

— Ni lile karibu na mkorosho. Nakumbuka vizuri.

— Karibu na mkorosho? Injini alishtuka. Pale kalala yule mzee wa kisiwa cha Rongui, aliyeletwa na boti anaumwa tumbo. Bi Mariamo yuko upande wa ukuta. Kandambili yangu ilinasa kwenye tope pale pale, nikaivuta ikakatika.

— Kandambili yako ilikatika siku ya maziko ya yule mzee! Wiki ile tulizika mfululizo, umechanganya.

— Nichanganye vipi? Mie nilishika pembe ya shuka juu ya kaburi.

— Hata mie nilishika.

— Nyote mmepotea, alisema Diretor. Si mkoroshoni, si ukutani. Alizikwa kwenye mwinuko, na mwinuko haupo tena. Mvua imeubeba. Vijiti vimeondoka, vifusi vimelala chini. Ardhi ya pale inatembea.

— Ardhi inatembea?

— Inatembea! Mitambo ya gesi inachimba kule baharini, huku chini kunatikisika. Kila kukitikisika, makaburi yanasogea kidogo. Mtu unamzika hapa, mwakani yuko pale. Mie nimepima kwa macho. Yanaelekea Quitunda.

— Kwa nini Quitunda?

— Walio hai si walihamishiwa huko kupisha gesi? Wafu wamebaki peke yao, wafanyeje? Wanawafuata watu wao.

Mtwara alitaka kucheka, akashindwa. Injini aliuliza kama makaburi yakifika Quitunda yatapewa nyumba za matofali kama wenzao. Diretor akajibu kwamba hilo liko kwenye mpango. Haula alikuwa anawasikiliza, mkono kwenye mpini wa dele, na moyo wake ulikuwa unajaa kitu kizito. Watu hawa wamekunywa kahawa ya mama yake umri wao wote. Wanajua alivyotia tangawizi, na kwamba alimwekea Injini ya chungu bila kuulizwa. Kikohozi chake walikijua toka kona ya barabara. Lakini mahali walipomlaza hawapajui. Alitamani kuwamwagia dele lote miguuni.

— Sikilizeni, alisema Mtwara baadaye, kwa sauti ya dukani, ile ya kupunguza bei. Tuchague moja.

— Moja lipi?

— Lolote zuri. Pale mkoroshoni pana kivuli. Tunamwambia ndilo, anamwaga maji yake, roho inatulia. Hatajua.

— Hatajua, alisema Injini.

— Na Mungu si anajua? alisema Diretor. Maji yatafika yanakotakiwa. Yeye ndiye mwenye kugawa.

Wakamgeukia Haula. Mara hii walimtazama usoni.

— Wasemaje, mwanangu?

Haula aliyaona mashavu ya ndugu yake yaliyoingia ndani. Aliuona ule mkeka. Akafikiri: leo akitoka, atakuwa amesimama tena na watu. Ataitwa tena. Kesho atakula. Uongo mmoja, na ndugu yake anarudi. Lakini alijua pia kwamba akikubali, yeye mwenyewe hatajua kamwe, maana nani atakuja kutafuta kaburi ambalo limeshapatikana?

— Chagueni, alisema.

Aliinama akaanza kusuuza vikombe ambavyo vilikuwa safi.

Hawakukaa sana wakamwona Chamu. Alikuja katikati ya barabara, amevaa kanzu iliyomlegea mwilini na kofia aliyofuliwa na mama yake, dumu la njano begani. Pikipiki zilimpisha. Mama lishe wa ng'ambo ya barabara alisimama na mwiko mkononi. Muuza samaki akasema, jamani, Chamu huyo, Chamu katoka. Eusébio alikuwa nyuma yake, na kolete jipya limekunjwa mkononi.

— Nimempa avae, hakutaka, alisema kijana akitabasamu. Anasema mikono yake ina kazi.

Diretor alisimama. Hata akipita mkuu wa wilaya, mzee huyo husingizia magoti. Safari hii alisimama wima, shati jeusi mgongoni, akasema kwa upole ambao Haula hakuwahi kuusikia kwake:

— Chamu, baba. Kaburi la mama tumelipata. Ni lile la chini ya mkorosho, penye kivuli. Leo tukimaliza kwa Bi Zena, utammwagia maji yake.

Uso wa Chamu ulifunguka. Haula hakuwa ameuona hivyo tangu mvua. Alimwamini Diretor moja kwa moja, kama alivyowaamini siku ya kisima. Aliliweka dumu vizuri begani, akapiga hatua kuelekea njia ya makaburini. Halafu akasimama, akageuka.

Hakuwa na shaka. Haula alimjua, ndugu yake hajui kushuku. Ila alikuwa amesimama kando ya makaburi ya Palma yote, akiangalia, na mambo aliyoyaangalia alikuwa anayajua kwa mfuatano wake. Kuna kushuka, kuna kupokea, kuna kufukia, ndipo maji. Maji alikuwa nayo. Alitaka kuambiwa yale yaliyotangulia, ambayo hakuyaona.

— Nani alishuka? aliuliza.

Chamu akafikiri hawakusikia, akauliza tena, polepole, neno moja moja.

— Nani alishuka na mama?

Diretor alimtazama Mtwara. Mtwara alimtazama Injini. Injini alimgeuzia Chamu lile sikio bovu, lakini macho yake yalionyesha kwamba amesikia. Kila mmoja alikumbuka mvua, na kila mmoja alikumbuka mkono wake umeshika pembe ya shuka lililotandwa juu ya kaburi, uso ameugeuzia pembeni, kama adabu inavyotaka anapoteremshwa mwanamke. Waliinama wangapi kule chini, na walikuwa akina nani, hakuna aliyetazama. Kila mmoja alidhani mwenzake anajua. Siku zote hizo walikuwa wamedhani hivyo.

Haula alisubiri. Dakika ile alikuwa amesahau kaburi. Naye alitaka kujua ni mikono ya nani iliyompokea mama yake. Alimtazama Diretor, akamtazama Mtwara, akamtazama Injini, na akaona kwamba hakuna anayejua.

— Haula, alisema Injini kwa sauti ndogo. Hebu kahawa.

Haula aliinamisha dele juu ya kikombe chake. Likatoa matone, kisha machicha, kisha halikutoa kitu. Aliendelea kuliinamisha. Eusébio, ambaye hakuelewa kilichotokea, alibaki amesimama na kolete lake.

Chamu hakutua dumu. Alisogea kando kidogo, akasimama pembeni ya benchi kama alivyosimama siku zote kwenye misiba ya watu, hasemi na mtu, maji yametulia begani, anangoja aambiwe. Haula aliweka dele la mama yake chini, akaenda kusimama naye.